Mwanangu Ameniimba

Juma lililopita mliniacha jikoni, simu sikioni, Itza upande wa pili analia na kucheka kwa pamoja. Ambaye hakusoma asihangaike kutafuta gazeti la zamani. Nitamweleza kwa ufupi, kisha turudi kwenye machungu.

Mimi ni Eusebia. Shule niliishia darasa la sita, huko kwetu Michoacán kunakosemwa Kihispania, na mpaka leo Kiingereza changu ni cha dukani tu. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli hapa Anaheim. Mume wangu alifariki mtoto wa mwisho akiwa bado tumboni. Nina mabinti wawili, Itza wa miaka kumi na tisa na Maite wa miaka saba.

Itza alipata jina kwa video za jikoni kwetu. Mimi namgombeza kweli kweli, yeye anavaa aproni yangu na kuniigiza nyuma ya mgongo. Watu wakacheka. Waliocheka wakawa wafuasi, na wafuasi wakawa mamilioni. Ndipo akatokea Colby, meneja mwenye meno meupe kama vigae vya bafuni, akasema msichana anayependwa hivi asiishie kuchekesha, aimbe.

Nilimwambia mwanangu hajui kuimba.

"Mama," Colby akanijibu kwa Kihispania cha kuokoteza, "siku hizi kuimba ndiyo kitu ya mwisho."

Akamhamishia Los Angeles, kwenye nyumba ya vijana wenzake wa mitandaoni. Miezi ikapita. Kisha asubuhi ya Mei kumi, ndiyo ile simu.

"Mama, wimbo umetoka."

"Leo?"

"Leo."

"Leo siku ya akina mama?"

"Ndiyo. Kampuni ndiyo iliyochagua siku."

Mimi niliisikia ile "ndiyo" peke yake. Yaliyofuata hayakuniingia.

Sisi Mei kumi mtoto humwimbia mama yake. Mwenye nacho hukodi wanamuziki waje na magitaa. Asiye nacho husimama mwenyewe chini ya dirisha kabla jua halijatoka na kuimba kwa sauti yake hiyo hiyo ya usingizi. Mwaka huu, Itza akiwa mbali, dirisha langu halikuwa limeimbiwa. Sasa wimbo umetoka Mei kumi, nausikiliza, na ndani yake neno Mama linarudiwa kama watu wanaosali rozari.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Nikaenda nao kazini. Kwenye chumba cha kufulia tuko wawili kwenye mashine kubwa ya pasi, mimi na Ofelia, mama wa ubatizo wa Maite. Yeye anaingiza shuka, mimi napokea na kukunja.

"Mwenzangu, mwanao kakuimba," Ofelia akasema. "Wangu mimi kaniletea sabuni."

"Sabuni nayo ni zawadi."

"Ya kufulia?"

Tukacheka mpaka shuka likakwama. Akaniambia niweke wimbo kwa sauti kubwa. Nikauweka. Una mdundo wa kuamsha mtu aliyelazwa, na vijana tangu usiku wa manane walikuwa wameshaubunia mchezo wake, mikono juu, zunguka, mikono kifuani. Maite alikuwa amenifundisha asubuhi ile tukinywa chai.

"Cheza, mama wa staa," Ofelia akasema, tayari ameinua simu.

Nikacheza. Nilicheza katikati ya mashuka ya watu, nimeiinua juu pasi ya mkono, ile ya kunyooshea kola, kama timu iliyochukua kombe. Mwisho nikabusu kiganja nikaipulizia kamera busu, nikasema, "Asante mwanangu, mama yako amesikia."

Jioni Maite akairusha mtandaoni, kwa simu yangu, ile video aliyonitumia Ofelia. Watoto wa siku hizi wanajua kurusha video kabla ya kujua kusoma saa. Nikalala nimetabasamu.

Kesho yake nilipoingia kazini wenzangu wote wakawa na shughuli. Huyu anahesabu taulo, yule anafunga kiatu kilichokwisha kufungwa. Nikasalimu, wakaitika kama watu wanaoitika msibani.

Aliyenifuata ni Brisa, msichana mpya, mzaliwa wa hapa hapa, Kiingereza ni chake na Kihispania ni cha bibi yake.

"Mama Eusebia, ile video uifute."

"Kwa nini? Nimecheza vibaya?"

"Umecheza vizuri. Ndilo tatizo."

Nikacheka. Hakucheka.

"Unajua wimbo unasema nini?" akaniuliza.

"Unasema Mama."

Brisa akamtazama Ofelia. Ofelia akalitazama shuka.

"Nitafsirie," nikasema.

"Siwezi, mama yangu."

"Nitafsirie, binti. Nimezika mume. Wimbo hautaniua."

Akautafsiri kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Mama, ulinifungia kabatini ukaenda zako kazini. Mama, nilikuomba chakula, ukaniwekea pasi ya moto mkononi. Mama, alama hii ndiyo busu lako la pekee.

"Mama yupi huyo?" nikauliza.

Ofelia akaingiza shuka jingine.

"Mbona mnaninyamazia? Mama wa nani anayesemwa hapo?"

"Ni wimbo tu," Ofelia akasema haraka haraka. "Watu wanaimba wameuawa na mapenzi, kesho unawakuta sokoni wananunua nyanya."

"Si wimbo tu," Brisa akasema. "Amehojiwa. Amesema ndiyo maisha yake. Kwenye video yake ameonyesha mkono."

"Mkono wa Itza hauna kitu. Nimeuogesha mimi mkono ule."

"Kwenye video una alama."

Akanionyesha. Alama ilikuwepo, nyekundu, yenye ncha kama pasi. Rangi ya saluni ile, hata kipofu angejua. Chini yake ikafuata video yangu mimi, na pasi yangu juu, na busu langu. Brisa hakutaka kunisomea watu walichoandika. Nikamlazimisha.

"Mchawi anacheza na silaha yake."

"Anamshukuru mtoto kwa kumchoma."

"Nani anajua anakoishi?"

Nikamwambia basi, imetosha. Nikarudi kwenye mashine nikapokea mashuka mpaka saa ya kutoka. Ofelia aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nayakunja yaliyokwisha kukunjwa.

Nilimpigia Itza nikiwa nyuma ya hoteli, karibu na mapipa ya taka, mahali ambapo hakuna anayetaka kukaa karibu nawe.

"Itza, mimi nilikuchoma lini?"

Nikasikia mlango unafungwa upande wake.

"Nakuuliza, mwanangu. Labda nimesahau. Mtu huzeeka."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nifundishe. Wewe ndiye mwenye maneno siku hizi."

Akaanza kulia. Itza akilia huvuta pumzi mara mbili mbili, tangu mdogo. Ule haukuwa wa kuigiza, naujua.

"Walinikalisha chumbani na watunzi," akasema. "Watu wanne, kila mmoja na kompyuta yake. Wakaniuliza nimeumia wapi. Nikasema sijaumia. Wakanitazama kama mtu aliyekuja harusini mikono mitupu. Wakasema bila jeraha hakuna wimbo. Kila nyota mpya ana lake."

"Baba yako alikufa. Hilo si jeraha?"

"Niliwaambia. Wakasema baba waliokufa wameshakuwa wengi mwaka huu."

Nikaegemea ukuta.

"Basi mmoja akauliza, mama yako anafanya kazi gani? Nikasema anapiga pasi mashuka ya hoteli. Akaandika. Hakuniuliza tena kitu. Nilipokuja kusomewa, wimbo ulikuwa umekwisha, Mama, na wote wanapiga makofi."

"Na wewe?"

"Na mimi nikapiga makofi."

Nikasikia simu inanyang'anywa kwa upole. Akaja Colby, na Kihispania chake kile.

"Mama, hongera. Video yako, moto. Jana wimbo alikuwa chini. Leo wimbo juu, juu sana. Wewe nyota."

"Bwana Colby, waambie watu si kweli."

"Kweli, si kweli, hiyo maneno ya mahakama. Hii muziki."

"Watu wanataka kujua ninapoishi."

"Watu nasema tu. Wewe kaa kimya. Kimya nzuri kwa wote."

Itza akarudi. "Nimeshasema mbele ya kamera kuwa ni kweli. Nikirudi nikasema ni uongo watanirarua, Mama. Hao hao wanaonipenda. Mwezi ujao napanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Nipe mwezi mmoja. Ukipita, nitatafuta njia. Ninyamazie mwezi mmoja tu."

"Na mimi watanirarua kwa huo mwezi?"

"Wewe una nguvu."

Ndugu zangu mnaonisoma, hapo ndipo wengi wetu hukamatwa. Mtoto akikwambia una nguvu, unaona haya kumwambia huna. Nikamwambia sawa. Wamesema wahenga mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea kilio cha mmoja.

Nikafuta video. Haikusaidia, watu walikuwa wameshaichukua, wakaikatakata, wakanipachika pembe na mkia. Nikanyamaza kama nilivyoahidi. Kwenye duka la mikate, mwenye duka, ambaye alizoea kunitilia andazi la nyongeza kwa ajili ya Maite, akaanza kuniwekea chenji juu ya kaunta badala ya mkononi. Mtu akaandika kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba yetu ya kupanga. Sikujua ameandika nini. Nikachukua ndoo nikasugua bila kuuliza.

Kanisani mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mpaka ncha ya benchi tulipoketi.

"Usihofu, dada," Ofelia akamwambia, "leo pasi tumeiacha nyumbani."

"Sikusemeshi wewe."

"Najua. Unasali. Nakusikia."

Nikampiga Ofelia kiwiko anyamaze. Akaninong'oneza, "Wewe nyamaza kwa ajili ya mwanao. Mimi sikuahidi mtu." Nikatamani kucheka nikashindwa, machozi yakatangulia.

Maite ndiye aliyekuwa anaona yote hayo ni sherehe. Shuleni wenzake walimwomba awafundishe mchezo. Wimbo aliujua wote, kwa Kiingereza chake kizuri, aliuimba akioga, aliuimba akimenya chungwa. Nilimkataza, akanuna.

"Ni wa Dada," alisema.

"Najua ni wa nani."

"Basi mbona huupendi? Ulicheza."

Ningemwambiaje? Kwamba dada yake amesema uongo? Anampenda Itza kuliko anavyonipenda mimi, na sikuwahi kuona vibaya. Itza alipiga simu kila jioni, akaomba kusema na mdogo wake. Maite alichukua simu akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Nikawasikia wakicheka. Nikajiambia walau hao wawili hawajaharibikiwa. Nikawaacha wazungumze.

Sasa nifike kwenye alasiri yenyewe.

Nilikuwa nimekaanga mchele uwe mwekundu, sufuria bado iko motoni, mlango ukabishwa. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, kitambulisho kifuani. Akanisalimu kwa Kihispania safi, cha watu wa kwetu kabisa.

"Naitwa Requena. Natoka ofisi ya ustawi wa watoto. Wewe ndiye mama yake Itza?"

"Na Maite," nikasema.

"Ndiye niliyemjia. Tumepigiwa simu nyingi sana, mama. Nyingine zinatoka majimbo ambayo sijawahi kufika. Kwa kawaida nisingejali kelele za mtandao. Lakini kuna mtoto humu ndani, na ni kazi yangu kuangalia."

Nikamkaribisha. Nikazima moto. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alifungua friji, akaona chakula. Akafungua kabati la nguo, akaingiza kichwa, akatazama upande wa ndani wa mlango kama kuna kitasa au alama za kucha za mtoto.

"Pasi yako naomba niione."

"Hapa nyumbani hatuna pasi."

Akageuka. "Unapiga pasi kazini, nyumbani huna?"

"Nikitoka kule sitaki kuiona. Ndiyo maana gauni la mtoto limekunjamana hivyo."

Akalitazama gauni la Maite, na nusu ya tabasamu ikamtoka. Nikaanza kupumua. Nikamwambia yote, wimbo, watunzi, rangi ya saluni. Ahadi ya mwezi mmoja ikafa hapo hapo. Itza anisamehe, lakini ofisa alikuwa amesimama katikati ya nyumba yangu.

"Nakusikia," akasema. "Tumalize mapema basi. Binti yako ni mtu mzima. Mpigie. Akiniambia yeye mwenyewe kuwa ni uongo, nitaandika hivyo na nitaondoka."

Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Neno moja.

Nikapiga, nikaweka simu mezani wote tusikie. Itza akapokea. Nyuma yake kulikuwa na ngoma na watu wakipigiana kelele, walikuwa mazoezini.

"Mama, nina dakika moja."

"Yupo mtu hapa wa serikali, mwanangu. Anataka kukuuliza neno. Mjibu kweli."

Requena akainamia simu. "Binti, mimi natoka ustawi wa watoto. Nipo nyumbani kwenu, na mdogo wako yuko hapa. Nataka jibu fupi. Mama yako aliwahi kukuchoma au kukufungia?"

Ngoma zikanyamaza. Nikasikia mtu ananong'ona, mnong'ono mrefu, wa Kiingereza. Nikasikia Itza akivuta pumzi mara mbili.

"Wimbo wangu unaeleza maisha yangu," akasema. "Sina la kuongeza."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Sina la kuongeza."

"Itza," nikasema. "Ni Maite. Wamekuja kwa ajili ya Maite."

"Mama, mimi..." Simu ikakatika.

Nikapiga tena. Imezimwa. Nikapiga ya Colby. Ikaita mpaka ikachoka.

Requena akasema, kwa sauti ileile ya upole, "Sasa itabidi nizungumze na mdogo. Peke yake."

"Zungumza naye," nikasema. "Huyu hajui kudanganya."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Wakaingia chumbani. Mimi nikakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, kama niliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Sikusikia kitu. Nilijiambia atamwuliza anakula nini, analala na nani, ni nani anamsuka nywele. Kila jibu ni mimi.

Mlango ulipofunguliwa, ile nusu ya tabasamu haikuwepo tena usoni kwa Requena.

"Mtoto anasema ni kweli."

"Nini ndiyo kweli?"

"Kabati. Pasi. Anasema ulimfanyia dada yake, na anasema na yeye pia."

"Mwangalie mikono," nikasema. "Mwangalie mwili mzima."

"Nimemwangalia. Hana alama. Lakini kabati haliachi alama, mama. Na mtoto wa miaka saba amenieleza mambo yale kwa mpangilio, bila kusitasita."

"Kwa sababu ni wimbo! Anaimba huo wimbo akioga!"

"Inawezekana. Jaji ataamua. Mimi siwezi kuondoka na kumwacha hapa baada ya kusikia nilichosikia. Leo atalala mahali pengine."

"Basi kwa mama yake wa ubatizo. Ni mtaa huu huu, Ofelia, anamjua tangu kuzaliwa. Tafadhali."

Akafikiri. Akachukua kalamu. "Ofelia nani?"

Nikamtajia. Nikamwambia tunafanya kazi pamoja, mashine moja. Nilifikiri namsifia.

"Mashine moja," akarudia. "Ndiye aliyeshika kamera siku ile ulipocheza? Anayesikika akicheka?"

Ningeweza kusema siye.

"Ndiye," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Basi kwake haiwezekani."

Akaniambia nimwandae mtoto, nguo mbili tatu, mswaki, kitu anachopenda kulalia. Yeye atasubiri sebuleni, lakini mlango ubaki wazi. Nikaingia chumbani. Maite alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, uso umekunjuka kama mtoto aliyetoka kusoma shairi mbele ya darasa bila kukosea.

Nikamvalisha koti. Nikaanza kumfunga vifungo kutoka chini.

"Mama," akasema, tena kwa sauti ya kawaida, maana hakujua kuna la kuficha, "nimesema vizuri?"

"Umesema nini, mama yangu?"

"Nimesema vilevile nilivyofundishwa. Sikukosea hata moja."

Nikamshika mashavu. "Polepole. Nani..."

Akaniwekea mdomo sikioni. Alinukia chungwa.

"Dada. Kwenye simu. Tulifanya mazoezi kila siku. Yeye anakuwa mtu wa kuuliza, mimi nakuwa mimi. Alisema mtu yeyote akija kuuliza, niseme ni kweli, tusimwangushe. Ile ya na mimi pia nimeongeza mwenyewe, ili yule mama aamini sana."

Nikafunga macho. Ndicho walichokuwa wakikicheka nyuma ya mlango. Itza alikuwa anamwandaa kwa ajili ya watu wa magazeti, nina hakika. Hakufikiria serikali. Ana miaka kumi na tisa. Nani alimfundisha kufikiri?

"Tutakwenda wapi na koti?" Maite akauliza. "Kumwona Dada?"

Sakafu ikalia nyuma yangu. Requena alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Amesema alivyofundishwa," akasema. "Hilo nimelisikia. Lililofuata sikulisikia."

Nikamvuta Maite karibu yangu.

"Mama Eusebia, nisikilize vizuri. Aliyemfundisha mtoto kumdanganya ofisa, nitamwandika jina, na hilo jina litakwenda mbele ya jaji. Siwezi kulificha, hata awe nani. Lakini nikilipata sasa hivi, huyu mtoto anavua koti anarudi kula wali wake. Nisipolipata, anaingia kwenye gari."

Maite hakuelewa maneno yote, ila alielewa kwamba dada yake anatafutwa. Akakishika kidole changu kwa mkono wake wote, akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. Usiseme.

Kwenye simu yangu kule jikoni Itza alikuwa bado amezimwa. Mwezi ujao anapanda jukwaani. Watu mamilioni wanamngoja, hao hao waliosema watanitafuta ninapoishi. Wakijua alichomfundisha mdogo wake, watamtafuta yeye, na yeye hana nguvu kama mimi. Yeye ana pumzi za mara mbili mbili.

"Ni nani?" Requena akauliza. "Sitauliza tena."

Vifungo vya koti vilikuwa bado wazi, viwili vya juu. Nilikuwa nimevishika, sijui kama ni kuvifunga au kuvifungua.

Nikafungua kinywa.